Mishumaa ya Noelene

Dada yangu, Noelene Pascoe, alikuwa na miaka kumi na sita kwa zaidi ya miaka mitatu. Santuri yake ya kwanza ilipovuma mwaka 1960, huo ulikuwa umri wake halisi. Kisha meneja wake, Bwana Tregear, akaamua kwamba vijana hawataki kuimbiwa na mwanamke mzima, basi ukawa umri wa kudumu.

Kila Machi wapiga picha walikuja kwetu Wallsend kumpiga picha akizima mishumaa kumi na sita. Majirani walijua, wakanyamaza. Mji wa wachimba makaa hauumbui mtoto wake. Tatizo lilikuwa mimi. Alinitangulia kwa miaka miwili tu, nami sikuacha kukua.

"Mwaka huu hatuoki keki yako, Jeanette," mama aliniambia nilipokaribia kumi na saba. "Waandishi watahesabu."

"Sasa nifanyeje mama, nirudi tumboni?"

"Punguza mdomo. Baba yako kifua kimemwisha kwa vumbi la makaa. Nani anatulisha?"

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Nilimchukia Noelene, na hakuwa amenikosea lolote. Alikuwa amesimama mlangoni, rola kichwani, akisikiliza.

Siku yangu ilipofika, aliimba ukumbini na redio ikirusha moja kwa moja. Mtangazaji akamtania: "Bado kumi na sita, binti? Wachumba waendelee kungoja?"

"Nina kumi na tisa," akajibu. "Na leo mdogo wangu Jeanette ametimiza kumi na saba, na hana keki."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Bwana Tregear hakucheka. Kabla ya Krismasi mkataba ulikuwa umevunjwa, na magazeti yaleyale ya mishumaa yakamwita mwongo. Noelene akaenda kuuza viatu Newcastle, miaka thelathini. Hakunisimanga hata siku moja. Nikianza kulia, alisema maji yakimwagika hayazoleki, akanipa sahani nifute.

Alipotimiza sitini nilimwokea keki. Mishumaa ya dukani haikutosha, nikadhani hataona. Akaihesabu mmoja mmoja kwa kidole, kisha akaweka kiberiti chini.

"Hamsini na saba," akasema. "Jeanette, mitatu yangu iko wapi?"

Nikatoka na ndara zangu za ndani, nikaenda kugonga kwa jirani.