Stroberi za Elkana

Metrine ni fundi wa maabara katika shule moja ya upili huko Uriri. Mwaka jana jirani yake, Mzee Elkana, alimletea stroberi alizopanda, tunda geni kijijini kwao. Mwenye duka la juisi kule Kendu Bay alitaka, kabla ya kuzinunua, kujua zina vitamini C kiasi gani.

Metrine alizikamua siku ya Ijumaa, akaiacha juisi wazi mezani, akaenda matangani. Jumatatu alipoipima, matone machache ya ayodini, dawa ya kupimia, yalitosha kubadilisha rangi, ilhali vitamini ikiwa nyingi huhitajika mengi. Akamwambia Elkana vitamini ni kidogo sana. Mzee alishukuru, akaenda kuing'oa miche yote.

Mwezi uliofuata, akiandaa somo la wanafunzi, Metrine alipima juisi ya machungwa iliyokamuliwa papo hapo, kisha ile iliyokaa wazi siku tatu. Ile iliyokaa ilikuwa imepoteza vitamini nyingi. Jioni hiyo alikwenda kwa Elkana.

"Mzee, nisamehe. Nilichelewa kupima. Stroberi zako hazikuwa na kasoro."

Elkana aligeuka akatazama shamba. "Mwalimu, pale sasa ni mahindi."

Hakumlaumu. Hadi leo Metrine huzunguka njia ya nyuma asipite hapo.