Jina la Mama wa Babu Yangu

Mimi ni mtu wa Tanga. Nashona mapazia katikati ya jiji la Johannesburg, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi ambaye watu wake wamezaliwa Afrika Kusini vizazi vinne sasa. Namwita Anti, kama wanavyomwita wote.

Mwaka jana Anti alipata nakala ya mkataba wa babu wa baba yake, aliyeletwa kwa meli kutoka India hadi jimbo la Natal kukata miwa. Aliitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akaisoma kwa sauti: jina la mzee, jina la baba yake, kijiji chao, kovu la mguu wa kushoto. Kazi ya miaka mitano. Chini kabisa, alama ya kidole gumba.

"Alitia kidole kwenye kitu asichoweza kukisoma," akasema, machozi yakimlengalenga. "Akitoka shambani bila kibali, jela. Akiumwa, fimbo. Huu ulikuwa utumwa, mwanangu."

Ningeweza kunyamaza. Lakini neno lile lilinichoma.

"Hapana, Anti. Huo haukuwa utumwa."

Nikamweleza habari niliyoipata ukubwani, kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu Tanga. Mama wa babu yangu alitolewa bara akiwa mtoto, akauzwa pwani kwa mwenye mashamba ya minazi. Hakuna aliyeandika kovu lake. Walimbandika jina la siku aliyofika, basi. Mzee wa Anti alikuwa na miaka mitano ya kuhesabu. Mama wa babu yangu hakuwa na cha kuhesabu. Watoto wa yule mzee walizaliwa huru. Babu yangu alizaliwa tayari ana mwenyewe.

Anti alifuta macho. "Mzee wetu walimpiga mpaka jicho moja likapofuka," akasema taratibu. "Niseme alipigwa kidogo?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Siku ile kila mmoja alikunywa chai yake peke yake.

Kesho yake alinijia na chai. Ukoo wao ulikuwa unaandaa siku ya kuwakumbuka wazee waliokuja na mikataba. "Njoo na jina la bibi yako," akaniambia. "Lile alilopewa na mama yake. Tutalisoma pamoja na ya kwetu."

Nikampigia shangazi yangu Tanga. Ndiye mkubwa aliyebaki.

"Shikamoo, shangazi. Mama yake babu, kabla hajafika pwani, aliitwa nani?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nataka kujua tu."

"Kwetu hakukuwa na mtumwa. Yule alikuwa mgeni."

"Mgeni wa wapi?"

"Umekwenda huko kwa watu, sasa unataka kutuvua nguo?" Akakata simu.

Mgeni! Nilipokuwa msichana nilichumbiwa, na siku chache kabla ya nikaha upande wa mwanamume ukarudisha maneno kwamba mimi si muungwana, neno la pwani la aliyezaliwa na watu huru. Nyumbani hakuna aliyenifafanulia. Mama alikunja zile kanga za harusi, akazigawa kwa majirani. Mimi nikafunga safari ya kuja huku. Mtaa mzima ulijua kilichonikataza kuolewa. Aliyekatazwa kujua ni mimi.

Siku ya kumbukumbu nilikwenda. Ukumbini wajukuu walisimama mmoja mmoja, wakataja mzee, kijiji na meli, wakapigiwa makofi. Walikuwa na fahari usoni, nami nikawaonea wivu mchungu, wivu wa kumwonea mtu aliyepigwa, kwa sababu tu fimbo aliyopigwa iliandikwa.

Anti akaniita. Nilisimama. Jina la siku nilikuwa nalo mdomoni, nikaona heri nilimeze kuliko kumwita tena kama walivyomwita waliomnunua.

"Alikuwa mtoto," nikasema. "Jina lake kwetu wamelificha."

Wakapiga makofi, ya adabu. Mwandishi wao, msichana mwenye kalamu nzuri, akaandika kwenye orodha: Hajulikani. Nilimwomba alifute. Akamtazama Anti kwanza, kisha akafuta.

Jumatatu tulirudi kazini. Kulikuwa na mapazia ya hoteli moja ya Randburg. Shangazi hajapokea simu yangu mpaka leo.