Mkono wa Fumua Kwanza

Jina hilo hakupewa na wazazi wake, wala hakuna mtu aliyewahi kukiri kwamba ndiye aliyelianzisha. Lilizuka katika chumba kirefu chenye cherehani sita, ambamo mwanamke huyu alikuwa fundi mkuu kwa muda wa miaka ishirini na minne. Mshonaji alipomaliza nguo na kumpelekea aikague, yeye aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, kisha akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemsogezea mgeni kiti: "Fumua kwanza, halafu tuzungumze." Mara nyingi mazungumzo yenyewe hayakufuata. Kilichofuata ni wembe. Aliuweka katika mfuko wa aproni, umeviringishwa kitambaa upande mmoja, na mshonaji alipositasita, aliutoa mwenyewe akaanza kukata nyuzi moja baada ya nyingine, huku akieleza makosa aliyoyaona.

Siku moja mteja mgeni aliingia akauliza kwa adabu, "Nimeelekezwa kwa Mama Fumua Kwanza. Nimemkuta?" Washonaji wote waliinamia cherehani zao kwa pamoja, kana kwamba wamedondosha sindano. Yeye akajibu, "Ndiye mimi. Gauni lako liko tayari." Tangu siku hiyo hakulikana tena jina hilo. Kwa kweli lilimpendeza kidogo, kwa sababu aliamini kwamba lilikuwa namna ya watu kusema kuwa kazi yake haina kasoro.

Na tumtendee haki: kazi yake haikuwa na kasoro. Alikata kitambaa kwa mkasi mrefu bila kuinua mkono, na suruali aliyoikata yeye ilimkaa mtu vizuri hata kama mtu mwenyewe hakukaa vizuri. Alikuwa pia mpenda utaratibu. Ili ajue kila nguo imetoka katika mikono ya nani, alimpa kila mshonaji rangi yake ya uzi. Kabla ya kukabidhi nguo, mshonaji alitia mshono mmoja wa rangi hiyo ndani ya pindo la chini, mdogo kama punje ya mchele. Mmoja alikuwa kijani, mwingine manjano, wengine zambarau na kahawia. Rangi ya bluu ilikuwa ya binti wa kaka yake, ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na alishona kola vizuri kuliko mtu yeyote chumbani humo. Fundi mkuu hakuwa na rangi. Haikumpitia akilini kwamba angehitaji kujikagua.

Binti huyo ndiye ambaye fundi mkuu alinuia kumwachia karakana. Alikuwa ameshalikata shauri hilo moyoni miaka miwili nyuma, ila hakuwahi kulitamka, kwa kuwa aliona kwamba kumkosoa kila siku kulikuwa kunamwambia vya kutosha.

Karakana ilipopata kazi ya kushona mashati mia moja na ishirini ya wahudumu wa hospitali, mashati yenye kola za kusimama, binti alimfuata shangazi yake kwenye meza ya kukatia.

"Shangazi, nimepata nafasi kwenye ile karakana ya ng'ambo ya barabara. Nitamaliza mashati haya, kisha nitaondoka."

"Wamekuahidi nini?"

"Hawajaniahidi kitu. Niliwaonyesha kola moja. Wakaitazama, wakaitundika."

"Basi?"

"Basi. Wakaitundika."

Fundi mkuu aliendelea kukata. Baadaye alimwendea mpiga pasi, ambaye alikuwa mdogo wa marehemu mume wake na mtu pekee humo ndani aliyethubutu kumtania, akamwambia kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kurekebishwa.

"Vijana wa siku zipi hizo, shemeji?" akauliza mpiga pasi, akinyunyizia shati maji. "Mbona mimi nina miaka hamsini na nane na sipendi?"

Siku chache baadaye binti aliomba ruhusa kumpeleka mama yake zahanati. Kazi ilikuwa nyingi, kwa hiyo fundi mkuu alikaa kwenye cherehani ya mpwa wake akashona mashati mawili yeye mwenyewe, akayatundika kwenye ndoano za binti huyo, akarudi kwenye meza yake. Kufikia keshokutwa yake alikuwa ameshasahau.

Asubuhi hiyo ya keshokutwa, baada ya kumaliza kukata, alianza mzunguko wake wa ukaguzi. Alifika kwenye ndoano za binti, akashusha shati moja, akatoa wembe.

"Hebu njooni hapa," akawaita. "Tazameni kola hii. Mnaona kwenye kona? Imevutwa. Na hapa mishono imesongamana. Huku nyuma ndiyo kabisa, imekwenda mshazari."

Wakati anataja kosa la kwanza, alikuwa ameshafumua nusu ya kola.

"Shangazi, hiyo siyo..." binti akaanza.

"Subiri nimalize."

Mpiga pasi aliisimamisha pasi yake wima. "Shemeji, hilo shati lina uzi wa rangi gani?"

"Bluu. Nani mwingine anayetundika hapa?"

"Liangalie kwanza, halafu tuzungumze."

Aligeuza pindo la chini, akalifuata kwa kidole kuanzia ubavu wa kushoto hadi wa kulia. Bluu haikuwamo. Haikuwamo rangi yoyote. Cherehani moja iliyokuwa bado inalia mwisho wa chumba ikanyamaza.

"Juzi nilipokwenda na Mama zahanati," binti akasema taratibu, "kuna mtu alikaa kwenye cherehani yangu."

"Wahenga walisema nyani haoni..." mpiga pasi akasema, kisha akajikuna kichwa. "Mwisho wake nimeusahau."

"Usiukumbuke," shemeji yake akamwambia, na chumba kizima kikacheka, naye akiwamo.

Alisema mwanga ulikuwa hafifu. Alisema pia kwamba cherehani ya binti ilikuwa inavuta uzi. Lakini walipotawanyika, aliichukua ile kola akaenda nayo dirishani, na nusu iliyokuwa haijafumuliwa akaipima kwa futi. Ilikuwa imenyooka. Kona iliyosalia ilikuwa na ncha safi, na mishono ilipangana kama meno ya kitana. Kola ilikuwa nzuri.

Jambo hilo lilimsumbua kuliko kama ingekuwa mbovu. Kama ingekuwa mbovu, angesema kwamba ameteleza kushona lakini hakuteleza kukagua. Sasa alilazimika kukubali kwamba makosa matatu aliyoyataja mbele ya watu hayakuwapo kabisa, na kwamba hata hivyo hakusema uongo. Aliyaona. Yalikuwa wazi machoni pake kama kidole chake mwenyewe. Alijaribu kukumbuka mpangilio wa mambo: je, aliona kosa ndipo akatoa wembe, au alitoa wembe ndipo akaona kosa? Kadiri alivyorudia kukumbuka, ndivyo wembe ulivyozidi kutangulia.

Mtu mwingine angeliacha jambo hilo lipite. Yeye alikuwa fundi, na fundi akishuku kipimo hurudia kupima. Alichukua kipande cha karatasi ngumu ya kuchorea mitindo, akakibandika upande wa ndani wa meza yake. Kila mara mkono wake ulipokwenda mfukoni kutafuta wembe, alisimama, akaupima mshono kwa futi, kisha akachora mstari wa chaki: wima kama kosa lipo, wa kulala kama halipo. Kando ya mstari aliandika alikuwa anafanya nini kabla ya hapo.

Mpiga pasi alimkuta ameinama chini ya meza.

"Unapima nini huko, shemeji?"

"Najipima mwenyewe."

"Futi itatosha?"

"Rudi kwenye pasi yako, unaunguza nguo za watu."

Kwa siku tisa alichora mistari kumi na tisa. Sita ilikuwa wima. Kumi na mitatu ilikuwa imelala. Aliikalia hiyo kumi na mitatu wakati wa mapumziko, kikombe cha chai kikipoa pembeni, akitafuta undugu wake. Alidhani ni hasira, lakini siku hizo hakuwa amekasirika. Alidhani ni uchovu, lakini karibu mistari yote ilikuwa ya asubuhi. Kisha akajiuliza kama ni wivu. Alilitazama neno hilo kwa muda mrefu bila kulifukuza, kama mtu anayemtazama ndugu aliyekuja bila taarifa. Ndiyo, miwili kati ya hiyo ilifuata mara baada ya mteja kumsifu binti. Akaandika hivyo.

Ile kumi na mmoja iliyobaki ilikuwa na maelezo yanayofanana, na ajabu ni kwamba aliyaandika yeye mwenyewe siku baada ya siku asiyaone: nimemaliza kukata, nimemaliza kukata, nilikuwa nimesimama. Kazi yake kubwa ilikwisha kila siku saa nne asubuhi. Kuanzia hapo wenzake wote walikuwa na nguo mikononi, naye alikuwa na mikono tu. Hakuna aliyemwita, kwa kuwa aliwafundisha vizuri. Na mtu asiyeitwa hujiita mwenyewe. Mkono ulichoka kuning'inia, ukajitafutia kazi, na macho, yaliyo watumishi watiifu, yakaitafutia kazi hiyo sababu.

Siku waliyobakiza mashati ya mwisho, alivuta kigoda akakaa kando ya cherehani ya mpwa wake. Binti aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kasoro ipo wapi?" akauliza, akishika shati alilokuwa akishona.

"Sijaja kukagua. Nimekuja kukwambia kitu nilichokihesabu." Akamweleza yote: mistari ya wima, mistari iliyolala, ile miwili iliyomtia aibu, na ile kumi na mmoja. Hakujipunguzia hata mmoja.

Binti alisikiliza hadi mwisho. "Na ile sita ya kweli ilikuwa ya nani?"

"Minne yako."

"Mitatu."

"Minne. Usisahau ule mkono wa kushoto uliouweka kulia."

"Haya, ule nakubali." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Shangazi, mimi nilidhani huipendi kazi yangu. Miaka yote hii."

"Nilikuwa nakuandaa uwe fundi mkuu."

"Ungeniambia lini?"

Alifikiri kwanza, maana aliazimia siku hiyo kutojibu kwa sababu za haraka. "Nilidhani nimeshakwambia," akasema. "Nilikuwa nalisikia kichwani kila siku, nikadhani na wewe unalisikia."

Upande wa pili wa chumba mpiga pasi alikohoa. "Waliosema mkono mtupu haulambwi hawakumjua shemeji. Wa kwake mtupu unauma."

"Mzee, wewe piga pasi," binti akamwambia, lakini alikuwa anacheka tena. Akanyoosha kola iliyokuwa mbele yake, akaikunja, akainyoosha. "Nikibaki, kazi yangu utaiona nikikuita. Kabla sijaita, usije."

"Na usiponiita?"

"Nitakuita. Kola ya duara bado inanisumbua kwenye mzunguko, na hapa hakuna mwingine anayeiweza ila wewe."

Fundi mkuu alitikisa kichwa kukubali. Akajifanya anatoa nyuzi kwenye aproni.

"Kesho asubuhi nitapita kule niwaambie wasinisubiri," binti akaendelea. "Afadhali niwaambie mwenyewe kuliko kuwanyamazia."

"Waambie asante. Wana macho."

"Nitawaambia. Sasa saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Umemaliza kukata?"

"Nimemaliza."

Binti aliinuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na mkebe wa vifungo na rundo la mashati. Akamwekea mapajani. "Haya ishirini na mawili hayajatiwa vifungo."

"Vifungo ni kazi ya mwanafunzi."

"Ndiyo. Na mwanafunzi hatuna."

Mtu asidhani kwamba tabia ya miaka ishirini na minne ilikufa siku hiyo. Kabla ya saa sita mkono wake ulikwenda mfukoni mara mbili, na mara zote mbili aliutazama ukienda, akauacha urudi mtupu, kama mtu anayemjua jirani yake na mapito yake. Alishona vifungo. Kazi ilikuwa ndogo na ilimtosha. Aligundua kwamba kifungo cha kola ya kusimama kinahitaji shina la uzi refu kidogo kuliko vya kifuani, maana kitambaa cha hapo ni kinene, na aliwaambia washonaji wengine jambo hilo walipomuuliza, si kabla.

Shati la mwisho lilimfikia wakati wenzake wanafunika cherehani. Alipitisha sindano katika matundu manne ya kifungo, juu na chini, mara tatu kila upande. Akauzungusha uzi chini ya kifungo hadi shina likasimama imara, akapiga fundo, akaukata. Kisha akakitia kifungo katika tundu lake ili aone kama kinapita. Kikapita. Akalikunja shati, akaliweka juu ya mengine.