Mahari Yangu na Mshahara Wake

Sheria ya malipo sawa ilibandikwa jikoni ofisini kwetu, juu ya birika, na mvuke ulishazikunja pembe zake. Inasema wazi: kazi ya thamani moja, malipo sawa, uwe mwanamke au mwanaume, mweusi au mweupe. Niliisoma kila nilipochemsha maji ya chai ya boss. Nilidhani imeandikiwa watu wengine, wenye shida.

Ofisi yenyewe iko karibu na bandari, huku ugenini kwa Wazulu. Mimi na mchumba wangu, Mkongomani mwenzangu, tulikuwa tunakaa meza moja na simu moja, tukipigia kwa zamu madereva wa malori yanayopeleka kontena Lubumbashi. Kontena la asubuhi likiwa lake, la mchana langu. Hata lawama tulikuwa tunagawana.

Siku ya posa, wazee walijaa kwenye fleti ya familia yetu, mtaa wa Albert Park, mpaka wengine wakakalia kreti za soda. Mimi napita na sinia la Fanta, macho chini, binti mwenye adabu zake. Baba mdogo akamuuliza mchumba wangu, "Mwanangu, huko kazini wanakupa ngapi?"

Kijana akajikohoza, akanyoosha kola. "Fourteen thousand rand kwa mwezi, baba."

Mimi nilikuwa napata nine! Wazee wakapiga makofi, na baba mdogo akapandisha mahari papo hapo. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, halafu nikawaongezea soda.

Jumatatu nikamvuta mchumba tukaingia kwa boss. Boss ni mzungu mpole wa Morningside, mtaa wa wenye pesa, na wiki hiyo alikuwa ametoka kwenye semina ya kuheshimu tamaduni. Nikamwambia sheria iko jikoni kwake, akaisome. Akatabasamu.

"Upande wa rangi hakuna kesi," akasema. "Nyinyi wawili rangi yenu moja. Upande wa jinsia, sheria inakubali tofauti ikiwa na sababu. Mwenzako ana lobola ya kulipa. Mimi naheshimu utamaduni wenu."

Lobola ndiyo mahari kwa Kizulu; neno lenyewe alilipata kwenye semina. Haki ya Mungu, nilitafuta tusi kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, mpaka kwa Kizulu, nikakosa linalomtosha.

"Basi muulize yeye," nikasema. "Tunafanya kazi moja au hapana?"

Mchumba wangu akaangalia viatu vyake. "Huyu... huwa ananisaidia."

Ananisaidia! Mimi niliyeanza kazi pale kabla yake! Jioni hiyo njia nzima sikumsemesha. Kwenye robot, zile taa za barabarani, akanishika mkono tuvuke, nikauchomoa. "Lakini mpenzi," akasema, "hiyo pesa si itakuja kwenu tu?" Itakuja kwetu, ndiyo. Mfukoni mwa baba mdogo.

Ikafika siku ya kutoa mahari. Kwetu, kabla wazee hawajapokea, binti anaulizwa mbele ya watu wote, na wengi wanajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Bahasha iko mezani, baba mdogo mkono ameshauweka karibu.

"Mama, unamjua huyu mwanaume? Tupokee?" akaniuliza; kwetu binti huitwa mama kwa heshima.

"Ninamjua, baba. Ila mmuulize kwanza, mimi na yeye tunafanya kazi gani kule ofisini."

Shangazi akanifinya paja. Mchumba wangu akatoa leso, akajifuta shingo.

"Kazi ni moja," akasema. "Ile ile, baba."

"Mbele ya boss alisema mimi ni msaidizi wake," nikasema. "Arudi nayo hiyo bahasha. Siku akimwambia boss hayo hayo aliyowaambia, mtapokea."

"Eish, mama, pesa iko mezani tayari!" Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani ya wali. Nikabeba sinia nikaenda jikoni, nikalia, maana yule mtu nilimpenda kabisa.

Siku ya kazi iliyofuata aliingia kwa boss peke yake, akaacha mlango wazi. Nilikuwa kwenye birika, nikazima maji nisikie vizuri.

"Boss, hanisaidii. Tunafanya kazi moja."

"Sawa, sawa," boss akasema. "Na lobola je?"

"Wameikataa, boss. Wanangoja mshahara wake ulingane na wangu."