Bi Huda wa Shela na Mazulia ya Nguo Kuukuu

Saa moja asubuhi, mtaa wa Shela, Malindi. Wachuuzi wa maziwa wameshapita, na kutoka nyumba nyeupe iliyo nyuma ya soko unasikika mlio wa mbao zinazogongana. Unanyamaza kidogo, kisha unaanza tena. Majirani wenye wageni huwaambia wasishtuke: ni Bi Huda, ameingia kazini.

Ndani, mwanamke mrefu wa makamo ameketi mbele ya kitanda cha mfumi cha kufumia mazulia, kilichojaza nusu ya chumba. Amevaa gauni la kaniki na kujifunga kanga kiunoni. Anakanyaga ubao ulio chini ya miguu yake, nyuzi za mtande, zile za urefu, zinaachana, naye anapitisha katikati yake utambaa mrefu wa buluu uliochanwa kutoka kwenye kanga kuukuu. Halafu anavuta ubao mwingine kwa mikono miwili na kuushindilia utambaa ukae sawa.

“Hii ilikuwa kanga ya jirani yangu,” anasema bila kuinua macho. “Ameivaa mpaka imemchoka. Sasa itakaa sakafuni kwake miaka mingine kumi.”

Jina lake kamili ni Hulda Sandberg, na umri wake ni miaka arobaini na mitatu. Jina la Hulda halikukaa vizuri katika ndimi za watu wa Malindi, basi wakamwita Huda tangu juma la kwanza. Hakulikataa.

“Niliuliza maana yake nikaambiwa ni uongofu,” anasema. “Nikaona nimepewa jina kubwa kuliko lile nililokuja nalo.”

Kabila lake limewasumbua wengi. Alipoulizwa sokoni ametoka wapi, alijibu Marekani, na wanawake wakacheka, kwa sababu hapa marekani ni kitambaa kabla ya kuwa nchi. Mmoja akamshika mkono wa gauni na kumwuliza kama na yeye huuzwa kwa dhiraa.

Lakini huko Marekani kwenyewe hakuitwa Mmarekani. Wazazi wake walitoka Uswidi, katika jimbo la Småland, ambako shamba huzaa mawe kabla ya kuzaa nafaka. Miaka miwili mfululizo mavuno yaliharibika, mwaka mmoja kwa baridi na mwaka wa pili kwa ukame. Watu wakasaga magome ya miti wakayachanganya na unga. Baba na mama yake wakauza ng’ombe, wakapanda meli, na safari yao ikaishia Minnesota, nchi ya theluji na misitu. Huko walijenga nyumba ya magogo. Hulda alizaliwa humo.

“Mama aliishi Amerika miaka thelathini na hakujua Kiingereza zaidi ya salamu,” anasema. “Hakukihitaji. Jirani Mswidi, mchungaji wa kanisa Mswidi, hata muuza duka Mswidi. Sisi watoto tukienda shule tuliambiwa tuache lugha hiyo mlangoni. Tukirudi nyumbani, mama anatuambia tuache Kiingereza mlangoni. Tulikuwa watu wa mlangoni.”

Jioni za baridi mama yake alifuma mazulia ya matambara, kama mama yake alivyofuma Uswidi. Hakuna nguo iliyotupwa katika nyumba ile. Shati likichakaa lilishonewa mtoto, mtoto akilimaliza lilichanwa kuwa utambaa, na utambaa ukaingia katika zulia. Mtu akifa, nguo zake zilifumwa zulia likawekwa kando ya kitanda cha waliobaki, ili kila asubuhi jambo la kwanza miguu iguse mashati ya baba au gauni la bibi.

Desturi hiyo ndiyo iliyomweka Malindi, na ndiyo iliyokaribia kumfukuza.

Alifika mwaka 1909 pamoja na mumewe, Emil, fundi wa mitambo, naye pia mwana wa Waswidi wa Minnesota. Emil aliitwa kuja kufunga mashine ya kuchambua pamba katika shamba moja la Wazungu upande wa Kakuyuni. Walikusudia kukaa mpaka mashine izoee kazi, kisha warudi kwao. Mashine ilizoea. Emil hakurudi. Homa ilimshika mwanzoni mwa mwaka 1911, na mkojo wake ulipogeuka mweusi, kila mtu shambani alijua hatapona.

Bwana shamba hakuwa mtu mbaya. Alimtafutia mjane nafasi katika meli ya kwenda Mombasa, na kutoka huko aendelee hadi kwao. Akamwomba tu aihame nyumba, kwa maana fundi mwingine alikuwa njiani.

Hulda alifunga masanduku. Alipofika kwenye nguo za mumewe, aliketi chini, akatoa mkasi, akaanza kuzichana.

Aliyemkuta katika hali hiyo ni Kache, mwanamke wa Kigiriama aliyekuwa akimletea maji na kuni. Kache ni mwembamba, mwepesi wa maneno, na siku hizi huketi upande wa pili wa kitanda cha mfumi akizungusha matambara kuwa mabonge. Anakumbuka vizuri.

“Nilidhani msiba umemwingia kichwani,” anasema. “Mashati mazima, yeye yuachana tu. Nikamwuliza, Bibi, nguo zimekukosea nini?”

Hulda akamweleza. Kache alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

“Sisi mtu akifa twamchongea koma, twausimamisha mti wake, twammwagia uji na tembo la mnazi,” anasema Kache. “Hatumkanyagi. Nikamwambia hivyo. Lakini nilimwona vile alivyozishika zile nguo, nikajua huyu hatupi mtu wake. Yuamtafutia pa kukaa. Basi nikamwuliza, hicho kitanda cha kufumia kiko wapi? Akasema hana.”

Kache alimpeleka mjini kwa Fundi Kiponda, seremala wa milango na vitanda. Hulda akamchorea mchangani kile alichokikumbuka kutoka nyumba ya magogo. Kiponda hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alitengeneza cha kwanza kikawa kizito mno, ubao wake haukunyanyuka. Akakivunja akaanza upya, na mara hii Hulda alikaa naye karakanani tangu asubuhi.

Meli ikaja. Wakati huo nusu ya mashati ya Emil ilikuwa imeshafumwa na nusu bado iko ndani ya kapu.

“Niliwaza, nikikata sasa nitapata nusu ya mtu,” anasema. “Nikamwambia nahodha aende, nitapanda ijayo. Ijayo ilipokuja, nilikuwa na kanga za watu watatu zinanisubiri.”

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Watu walikuja kuangalia, wakarudi na mafungu ya nguo zilizochakaa. Familia za Kiarabu zilitaka mazulia marefu ya kutandika barazani. Wazungu wa mashambani walitaka ya chumbani. Bwana Haridas, mwenye duka la nguo karibu na msikiti wa Ijumaa, alikubali kuyaweka dukani kwake, na zulia la dhiraa nne likawa likiuzwa rupia sita. Hulda akakodi nyumba ya Shela, akamwajiri Kache, na Kiswahili chake kikaota mizizi, nusu cha Shela na nusu cha Kakuyuni.

Mke wa Haridas, Taraben, akawa rafiki. Alipenda kuja alasiri kunywa kahawa na kula mikate ya iliki anayooka Hulda, mikate ambayo mama yake aliioka siku za sikukuu. Huko Minnesota iliki ilikuwa kitu cha kupimwa kwa ncha ya kisu. Hapa Hulda huinunua kwa konzi.

Siku moja Taraben aliliona zulia la Emil kando ya kitanda. Akauliza, akaambiwa.

Mwaka jana binti yake, Kashmira, alikuja kutoka kwa mumewe Mombasa ili ajifungulie nyumbani kwa mama yake, kama ilivyo mila yao. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakamwita Chanchal. Kashmira hakuamka tena kitandani. Siku zilipopita, Taraben aliingia kwa Bi Huda kupitia mlango wa nyuma akiwa na fungu kifuani. Ndani yake mlikuwa na sari tano.

“Alisema maneno machache sana,” Hulda anakumbuka. “Alisema, nifanyie kama ulivyomfanyia mumeo.”

Hulda alianza na ile nyekundu. Alikuwa ameshaichana yote wakati Bwana Haridas aliposimama mlangoni. Alikuwa amesikia habari kwa mtumishi wa nyumbani.

“Bi Huda,” alisema, “unataka binti yangu akanyagwe?”

Hakupaza sauti. Nguo za marehemu, alieleza, kwao hupewa masikini, zikavaliwa, thawabu ikaenda kwa aliyekufa. Aliokota zile sari nne, akazitazama zile tambaa nyekundu ndani ya kapu, akatoka. Mchana huo mazulia yote yaliyokuwa dukani kwake yalitolewa nje na kuachwa juani.

Mji mdogo hauhitaji zaidi ya hapo. Kufika Ijumaa, sokoni ilisemwa kuwa yule Mzungu hufuma nguo za maiti. Juma lililofuata ikawa ni sanda. Watu wawili waliokuwa wateja wake wa siku zote walirudisha mazulia yao, wakayaweka kizingitini bila kubisha hodi. Huko Kakuyuni, mumewe Kache, Kalama, alimwambia mkewe arudi shambani.

“Nilimwambia Kalama, sanda gani?” Kache anasema. “Mimi ndiye ninayezichana zile nguo. Ningekuwa nachana sanda ningejua. Akaniacha nibaki, lakini hakufurahi, na mimi sikulala vizuri.”

Hulda naye aliuliza lini meli inapita. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Kwa muda wa juma zima kitanda cha mfumi hakikulia.

Aliyelianzisha neno alikuwa Kache. Walikuwa wameketi na lile kapu la tambaa nyekundu katikati yao, hakuna anayejua la kulifanya.

“Kwenu mwakanyaga,” Kache alisema. “Kwa Bwana Haridas hawakanyagi, kama sisi. Sasa kwani kila kilichofumwa lazima kitandikwe chini?”

Hulda akakumbuka kitu alichokiona nyumbani kwa Taraben: susu ya mtoto, kitambaa kilichofungwa kwa kamba pande mbili na kuning’inizwa kwenye boriti, Chanchal amelala ndani. Kilikuwa kipande cha marekani, kigumu, kipya, hakijaguswa na mtu yeyote.

Alitanda mtande mpya wa uzi mwembamba kuliko aliowahi kuutumia, kwa sababu zulia huwa gumu na mtoto ataka ulaini. Akazichana tena zile tambaa ziwe nyembamba zaidi. Mara mbili alifuma akafumua. Kilichotoka mwishoni kilikuwa chekundu chote, na pindo la dhahabu la ile sari limepita katikati kama mstari.

Wakakipeleka wote wawili. Taraben akakipokea mlangoni, akakiweka usoni mwake. Kisha wakakifunga kwenye boriti na kumlaza mtoto.

Bwana Haridas alirudi mchana kula. Hulda alitaka kuondoka, Taraben akamshika mkono.

“Hii ni ile nyekundu?” Haridas aliuliza.

“Ndiyo, Bwana.”

“Aliivaa siku aliyotoka hapa kwenda kwa mumewe.”

Akavua kofia. Akaketi sakafuni, akashika kamba ya susu na kuivuta taratibu, na chakula chake kikapoa. Wanawake walitoka wakamwacha hapo.

Asubuhi iliyofuata alikuja Shela mwenyewe, na sari nne mkononi. Aliomba moja ifumwe kwa ajili ya mtoto atakapoanza kutambaa, itundikwe ukutani pale anapolala. Tatu alisema atazitoa kwa masikini, kama alivyokusudia, na Hulda akaona hiyo ni haki. Kabla ya adhuhuri mazulia yalikuwa yamerudi ndani ya duka, yamekunjwa vizuri karibu na mlango ambapo kila anayeingia atayaona. Watu walimwuliza Haridas kuhusu sanda. Inasemekana aliwajibu kwa kuwapeleka nyumbani kwake na kuwaonyesha mjukuu.

Tangu hapo Hulda amehamishia kitanda cha mfumi karibu na mlango wa mbele, na mlango huachwa wazi. Anayetaka kujua kinachofumwa huingia akatazama. Na kabla ya kuchukua nguo ya marehemu kwa mtu yeyote, huuliza kwanza ni nani wa kuulizwa, na kwao mtu wao huwekwa wapi. Bibi mmoja wa Shela alitaka kanga za dada yake ziwe pazia. Mzee wa Gede alitaka mto wa kuegemea.

“Mama angeshangaa,” Hulda anasema. “Lakini na yeye alilalamika maisha yake yote kwamba pamba ya Amerika si kitani ya kwao. Alifuma hivyo hivyo. Mimi Amerika waliniita Mswidi, na Uswidi sijawahi kuiona. Ninachokijua cha huko kimo katika mikono hii, na hapa kimepata kazi.”

Kwa sasa kuna kazi nyingine karakanani kwa Fundi Kiponda. Ni kitanda cha mfumi cha pili, chepesi kuliko cha kwanza, kinachoweza kufunguliwa na kubebwa. Mavuno ya pamba yakiisha kitapelekwa Kakuyuni, nyumbani kwa Kache, na kitakuwa mali ya Kache. Kalama amekubali. Ameshajenga kibanda cha kukiweka, na amekijenga kikubwa kuliko alivyoombwa. Wanawake wawili wa jirani, Nyevu na dada yake, wameomba kufundishwa.

Hulda anatumaini siku moja mtande wenyewe utakuwa wa pamba inayolimwa Kakuyuni, iliyosokotwa na mikono ya wanaoilima, badala ya kupelekwa mbali na kurudi dukani ikiwa na jina la nchi nyingine.

“Sitamwambia Kache afume nini,” anasema. “Mimi nimemwonyesha jinsi ya kukaa na jinsi ya kuvuta. Mengine atayaona mwenyewe.”

Kache anacheka, bonge la utambaa wa buluu mapajani mwake. Anasema zulia la kwanza ameshalifikiria, rangi na urefu, na hatalifuma kwa ajili ya duka.

“Hilo ni langu,” anasema. “Atakayelitaka angoje la pili.”