Askari Aliyetangulia Moto

Cheka ukitaka, lakini mimi nilifungwa pingu kwa ajili ya mambo haya, na pingu si ndoto.

Ilikuwa Juba, mwaka ule vita viliporudi kabla hatujamaliza kufurahia uhuru. Nilikuwa dereva wa lori la maji. Mchana kweupe nilijaza tangi mtoni, nikapanda, nikamkuta askari wa zimamoto ameketi kiti cha abiria, sikio moja halipo, sare inanuka moshi. Zimamoto kule ni jeshi. Wakiishiwa maji wanachukua lori lako, na hakuna kubisha.

"Yalla, dereva! Hai Cinema. Watu itaungua."

Niliendesha kuelekea mtaa huo wa Hai Cinema kama mwizi anayefukuzwa. Akanielekeza kona kwa kona mpaka kwenye hoteli ya mama mmoja Mganda. Moto? Hakuna! Watu wanakula maharage.

"Maji ya nini?" mama akashangaa. "Mimi hapana ita mtu."

Nikageuka nimuulize askari. Kiti kitupu. Mlango haukufunguliwa, naapa. Hata sijafumba mdomo, mtungi wa gesi ukalipuka jikoni! Niliwasha pampu, nikavuta mpira, nikamwaga maji yote. Mama na wateja wake walitoka hai.

Unadhani nilishukuriwa? Gari la zimamoto lilipofika, afande wao aliuliza nani aliniita. Nani anafika na maji kabla ya moto, kama si yule aliyeuwasha? Mwaka ule mtu alipigwa risasi kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilipigishwa magoti, pingu mikononi. Nikawaeleza juu ya yule askari na sikio lake.

Afande alikaa chini, pale pale matopeni.

"Huyo tulizika," akasema. "Aliingia nyumba iko nawaka. Gari yetu haina maji. Sisi nakwenda mtoni kuchota, kurudi, nyumba imeanguka."

Alinifungua mwenyewe. Kisha akaninong'oneza, mtu mzima mwenye bastola kiunoni: "Alisema kitu juu ya sisi?"

Nikaona machozi yake.

Kazi ya maji niliacha. Hadi leo nikisikia harufu ya moshi ndani ya gari, nashuka. Nawe dereva, askari huyo akikukalia kitini, usimbishie, peleka maji. Ila pakia shahidi njiani. Mimi nusura niuawe kwa kosa la kuwahi.