Subiri Kidogo asaka kadi ya kamera isiyoganda

Saa tatu asubuhi, mlango wa duka la vifaa vya kamera haujamaliza kufunguliwa na tayari Subiri Kidogo ameshapenya kiubavu. Salamu zake ni za juujuu. Anaweka mkoba kwenye kaunta, anatoa kamera, anaurudisha mkoba begani, anauvua tena.

“Nipe ile ya jana,” anamwambia muuzaji. “Na ile nyingine. Na ile ya bei mbaya.”

Muuzaji anapanga memori kadi tatu juu ya kioo. Mwanamke huyu anachomeka ya kwanza, anaielekeza kamera kwa wapita njia, anabonyeza kitufe na haondoi kidole. Kamera inapiga mfululizo, kisha inapunguza mwendo, inasitasita, inanyamaza. Taa nyekundu ndogo iliyo nyuma inabaki inawaka, ishara kwamba kadi bado inaandika.

“Umeona? Imeshiba,” anasema akiichomoa. “Hii ni ya kupigia picha za pasipoti.”

“Dada, unanunua kadi au unakagua duka?”

Muuzaji anatania tu. Amemzoea, maana hii ni siku ya tatu mfululizo anakuja, anajaribu, anaondoka mikono mitupu.

Jina la Subiri Kidogo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na mtaa miaka sita iliyopita, na ni jina la kejeli. Siku hiyo alikuwa akipiga picha harusi ya binti mkubwa wa mshonaji mmoja anayeheshimika sana mtaani. Mlangoni mwa ukumbi, mzee alimkumbatia binti yake akaangua kilio mbele za watu, yeye ambaye hata wanawe hawakuwahi kumwona na chozi. Kamera ikaganda.

“Nikabaki napiga kelele, subirini kidogo, subirini kidogo,” anasema. “Sasa nani anasubiri kulia?”

Taa ilipozimika, mzee alikuwa ameshajifuta uso na kukaa.

Kosa lilikuwa dukani. Alinunua kadi kubwa ya bei ya kutupa, yenye namba ya kutisha iliyoandikwa mbele. “Ile namba ni kasi ya kuzitoa picha kwenda kwenye kompyuta. Kasi ya kuandika, ambayo kamera inaihitaji wakati unapiga, huwa ni alama ndogo pembeni. Sikuitazama. Nilikuwa natazama bei.”

Tangu hapo ameendelea kujipatia riziki kwa harusi, mahafali na picha za vitambulisho. Mwezi mzuri anapata harusi nne, mwezi mbaya hapati hata moja. Hiyo familia, hata hivyo, hakutegemea kuiona tena.

Kumbe alikosea. Jumamosi hii binti mdogo anaolewa, na mzee mwenyewe ndiye aliyemwita. Kiharusi kilimwondolea nguvu za miguu, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu.

“Akaniambia, ‘Mwanangu, nitasimama nimkabidhi mdogo wao. Nitasimama mara moja tu. Usije ukaniambia nisubiri.’” Anasimulia huku akifungua na kufunga kifuniko cha lenzi. “Tangu siku hiyo sijatulia.”

Dada mtu, yule bibi harusi wa miaka sita iliyopita, hakukubali, na hamung’unyi maneno. “Mimi sina picha hata moja ya baba akinikumbatia siku ile,” alimwambia mwandishi wetu kwa simu. “Halafu mnanirudishia yuleyule? Baba ana huruma zake, mimi sina.”

Mume wa mpiga picha, fundi wa majokofu, anasema nyumbani hakukaliki. “Anasoma maoni ya wateja kwenye simu, anazima, anawasha. Nikimuuliza chumvi iko wapi, ananijibu megabaiti tisini kwa sekunde.”

Dukani, mpiga picha anarudi kaunta. Kadi ya pili inavumilia kidogo kuliko ya kwanza, kisha nayo inachoka. Ya tatu ndiyo ndogo kuliko zote kwa nafasi, na bei yake inakula karibu nusu ya malipo ya harusi nzima. Anabonyeza. Kamera inapiga, inapiga, inaendelea kupiga hadi wapita njia wanageuka kutazama. Anaachia kidole mwenyewe, taa inazimika papo hapo.

“Wakati watu wanakula nitatumia zile zangu za polepole,” anasema. “Hii ni ya mzee.”

Analipa, anafika mlangoni, anarudi kuijaribu tena.

Jumamosi ukumbini hakai. Anachungulia dirishani, anahesabu hatua kutoka mlangoni, anachomoa kadi, anaipuliza, anaichomeka. Mzee yuko karibu na mlango ndani ya suti aliyoishona mwenyewe, na dada mtu amesimama nyuma ya kiti, hamtazami mpiga picha kabisa.

Bibi harusi anafika mbele ya baba yake. Mzee anashika mikono ya kiti, mabega yanatetemeka, anajiinua.

Kidole kiko chini. Kamera haisiti.

Magoti ya mzee yanalegea. Dada mtu anaruka kutoka nyuma na kumshika kiunoni. Mzee anaupapasa mkono wake, anaushika, na kwa mkono mwingine anamshika bibi harusi. Wanasimama hivyo watatu, kitambo kifupi tu, baba akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha anakaa. Makofi hayajaisha, taa nyekundu imeshazimika.

Dada mtu anakuja moja kwa moja.

“Iliganda?”

“Haikuganda.”

Anageuziwa kamera. Anatazama picha zikipita: baba kwenye kiti, baba nusu, baba wima.

“Na mimi nimo?”

“Umo, dada. Kuanzia hapa mpaka alipokaa.”

Keshokutwa Subiri Kidogo ana mahafali, na kadi yenye kasi ni hiyo moja. Anasema hataifuta kabla picha hazijachapishwa, wahitimu atawapiga na zile za polepole, hata wakimcheka. Siku moja anataka kamera inayoandika kwenye kadi mbili kwa pamoja. Kwa sasa anataka duka la kuchapisha picha lifunguliwe haraka, na picha ya kwanza kutoka iwe ya dada mtu, hata kabla ya bibi harusi kupata zake.

“Nitampelekea mwenyewe,” anasema, ameshasimama kuondoka. “Huyo nimemsubirisha miaka sita.”